Kadi Isiposomeka, Kosa Ni la Aliyeiandika

Wachezaji wa kadi za kukusanya wana msemo wanaorushiana kila mabishano yanapozuka mezani: isome kadi, kadi itajieleza. Msemo huo una ukweli nusu. Mara nyingi anayebisha hajaisoma kadi hadi mwisho, na sentensi ya pili ingemaliza ugomvi. Lakini zipo kadi ambazo mtu anaweza kuzisoma mara kumi, neno kwa neno, naye Kiingereza anakijua barabara, na bado akatoka na jibu lisilo sahihi. Kumwambia mtu huyo arudie kusoma ni kumwonea.

Kadi zinazotatanisha hazina maneno magumu. Zina maneno mepesi mno: "when", "if", "then", "target", "damage". Kila mtu anayajua, ndiyo maana hakuna anayesita kuyachukulia kwa maana ya kila siku, ilhali kwenye kadi yana maana ya kiufundi iliyofungiwa katika kitabu cha kanuni. Juu ya hapo, mpangilio mzima wa matukio, yaani kipi kinalipwa, kipi kinasubiri na kipi kinakaguliwa mara mbili, huwa umejificha ndani ya kiunganishi kimoja au alama moja ya uandishi. Wengi hudai tiba ni kufupisha maandishi. Sikubaliani nao. Tiba ni kuyapa maandishi sarufi moja isiyoyumba, na kuiweka sarufi hiyo mahali ambapo mchezaji ataiona bila kulazimika kufungua tovuti.

Tazama neno moja linavyoweza kuuvunja mchezo. Seti ya Ixalan ya Magic: The Gathering, iliyotoka 2017, ilikuwa na kiumbe aitwaye Hostage Taker. Akiingia uwanjani, anapeleka uhamishoni, yaani nje ya uwanja, kiumbe au kifaa kinacholengwa, nacho kinabaki huko hadi Hostage Taker mwenyewe aondoke uwanjani. Kwenye kadi zilizochapishwa, neno la kusema kwamba kinacholengwa kiwe kingine lilisahaulika. Sasa fuatilia kinachotokea pasipokuwa na kiumbe wala kifaa kingine. Uwezo huu ni wa lazima, kwa hiyo sharti ulenge kitu, na kitu pekee kilichopo ni Hostage Taker mwenyewe. Anajipeleka uhamishoni. Kwa kuwa ameondoka uwanjani, muda wa uhamisho umekwisha papo hapo, basi anarudi. Kwa kuwa ameingia uwanjani, uwezo unachochewa upya na yote yanajirudia. Hakuna mchezaji mwenye uamuzi wa kufanya ndani ya mzunguko huo, na kanuni za Magic zinasema kwamba mzunguko wa lazima usioweza kukatwa unaumaliza mchezo kwa sare. Wizards of the Coast, wachapishaji wa Magic, walilazimika kutoa sahihisho la kulirudisha neno lililokosekana. Aliyenunua kadi ile na kuisoma kwa makini alikuwa ameshika maandishi yasiyolingana na mchezo, na umakini wake haukuwa na msaada wowote.

Tatizo hili lina umri sawa na michezo yenyewe. Wakati Magic ikifanyiwa majaribio, kabla haijatolewa mwaka 1993, kulikuwa na kadi ya kumfanya mpinzani akose zamu yake inayofuata. Maandishi yake yalisema "opponent loses next turn", yaani mpinzani anapoteza zamu inayofuata. Kwa Kiingereza kilivyoandikwa, mchezaji mmoja aliyasoma kwamba mpinzani anashindwa mchezo zamu inayofuata. Kadi ilipochapishwa kwa jina la Time Walk iliandikwa upande wa pili kabisa: unapata zamu ya ziada. Hakuna tena cha kupoteza, hakuna utata. Hilo ni somo la kwanza kwa yeyote anayeandika kadi: ukiona sentensi inasomeka kwa njia mbili, usiongeze maelezo ya kuitetea, igeuze iseme jambo lile lile kutoka upande mwingine.

Mchezo ambao viunganishi vyake vimewatesa watu kuliko yote ni Yu-Gi-Oh!, na hapo panafaa kukaa kidogo.

Chukua kadi ya jitu aitwaye Peten the Dark Clown. Akipelekwa makaburini, yaani kwenye rundo la kadi zilizotumika au kuangamizwa, unaweza kumwondoa kabisa kwenye mchezo na kumwita Peten mwingine kutoka mkononi au kwenye deki. Kiingereza cha kadi kinaanza na "when" na kinatoa hiari. Hali ya kwanza: Peten anashambuliwa na kuangamizwa vitani. Jambo la mwisho kutokea ni yeye kuingia makaburini, na uwezo wake unafanya kazi. Hali ya pili: unamtoa kafara ili umwite jitu wa ngazi ya 5 au 6. Peten ameingia makaburini, hilo halina ubishi, ila baada yake kumetokea jambo jingine: jitu ameitwa. Ile "when" yenye hiari inadai tukio lake liwe la mwisho kabisa kutokea, nalo si la mwisho tena. Fursa imepita. Hali ya tatu: mpinzani anaamsha kadi ya kuvuta kadi, wewe unajibu kwa kadi inayomwangamiza Peten wako. Mnyororo, yaani mfuatano wa kadi zinazojibiana, hutekelezwa kuanzia kiungo cha mwisho kurudi cha kwanza, kwa hiyo Peten anaangamia kwanza, kisha mpinzani anavuta kadi zake. Tukio la mwisho ni kuvuta kadi. Fursa imepita tena.

Badili "when" iwe "if", na Peten angefanya kazi katika hali zote tatu. Iache "when" lakini ondoa hiari, uwezo uwe wa lazima, na hapo pia angefanya kazi kote. Na kwenye kadi za mtego na uwezo wa haraka, zile zinazomjibu mpinzani pale pale anapoamsha kadi, "when" haileti balaa hili, kwa kuwa kazi yake ni kutaja tukio unalolijibu. Maana yake ni kwamba ili ujue kama fursa inapotea, lazima uangalie mambo matatu kwa pamoja: kiunganishi ni kipi, kuna hiari au hakuna, na uwezo ni wa aina gani. Hakuna mtu duniani ambaye lugha yake ya kila siku inamtofautishia "when" na "if" kwa namna hiyo. Mchezaji mgeni anayepoteza mchezo kwa sababu hiyo hakupungukiwa akili, alinyimwa taarifa.

Konami, wachapishaji wa Yu-Gi-Oh!, walilitambua tatizo, na mwaka 2011 wakaanza kuandika kadi za Kiingereza kwa utaratibu mpya ambao alama za uandishi zina kazi rasmi. Utaratibu huo ni mzuri, na kila mchezaji anapaswa kuujua kwa moyo. Kilicho kabla ya nukta mbili ni sharti: lini uwezo unaweza kuamshwa. Kilicho kati ya nukta mbili na nukta mkato hufanyika wakati wa kuamsha: gharama unazolipa na shabaha unazochagua. Kilicho baada ya nukta mkato hufanyika wakati wa utekelezaji, baada ya wote kupata nafasi ya kujibu. Mfano, ukitafsiri kadi ya kubuni: mpinzani akimwita jitu, nukta mbili, tupa kadi 1 kutoka mkononi kisha mlenge jitu huyo, nukta mkato, mwangamize. Mpinzani akiubatilisha uwezo huo, kadi uliyoitupa hairudi, kwa sababu ililipwa kabla ya nukta mkato. Na kama kutupa kungeandikwa baada ya nukta mkato, ungeubatilishiwa uwezo na kadi yako ungebaki nayo mkononi. Alama moja ndogo inaamua nani amepoteza kadi mbili na nani amepoteza moja.

Viunganishi navyo vilipewa kazi. Sehemu mbili zikiunganishwa kwa "and if you do", ya pili inategemea ya kwanza kufanikiwa, na zote mbili huhesabiwa kuwa zimetokea kwa wakati mmoja. Zikiunganishwa kwa "then", ya pili bado inategemea ya kwanza, lakini inatokea baadaye. Zikiunganishwa kwa "also", zinatokea pamoja bila kutegemeana. Tofauti ya "then" na "and if you do" inaonekana ndogo hadi ukumbuke Peten. Kadi inayomwangamiza jitu "then" ikakuvutisha kadi 1 inamfanya jitu yule mwenye "when" ya hiari akose fursa yake, kwa sababu kuvuta kadi kumekuja mwisho. Kadi ile ile ikiandikwa kwa "and if you do" inamwachia fursa. Wachezaji wa mashindano huchagua kadi za kuweka kwenye deki kwa kuangalia kiunganishi hicho.

Kwa hiyo sarufi ipo. Kinachoniudhi ni kwamba ilijengwa kwa uangalifu mkubwa, kisha ikaachwa bila funguo. Hakuna chochote kwenye kadi kinachomwambia mgeni kwamba nukta mkato ni mpaka kati ya malipo na matokeo. Kadi ina upana wa milimita 59 na urefu wa 86, na sehemu kubwa imeliwa na picha. Ndani ya kisanduku kilichobaki, kadi za kisasa hubana uwezo wa aina tatu au nne katika aya moja isiyo na mapumziko, kwa herufi zinazomlazimu mtu kuisogeza kadi machoni. Japani walianza kutia namba kwenye kila uwezo mwaka 2014, na tofauti ni kubwa: mtu anaweza kusema naamsha uwezo wa pili, na mpinzani akajua pa kutazama. Toleo la Kiingereza likaendelea na aya yake ndefu kwa miaka mingi baada ya hapo. Kisha mwaka 2020 ukaja Rush Duel, mchezo mwepesi wa familia hiyo hiyo, ambao kadi zake zinatenganisha sharti na matokeo kwa vichwa viwili vilivyochapishwa wazi. Yaani mtindo wa kadi unaojieleza kwa mpangilio wake ulishavumbuliwa na kampuni ile ile. Mchezo mkubwa ndio unaouhitaji zaidi.

Magic yenyewe imeficha mitego yake mahali tofauti. Kule nukta mbili inamaanisha kitu kingine: kilicho kushoto kwake ni gharama, kilicho kulia ni matokeo, na uwezo wowote wenye nukta mbili ya namna hiyo ni wa kuamshwa na mchezaji mwenyewe. Anayehama kutoka Yu-Gi-Oh! kwenda Magic na kuichukulia nukta mbili kama sharti atajikuta anasoma kila kadi vibaya. Uwezo unaochochewa wenyewe huanza na "when", "whenever" au "at", na hapa "when" haipotezi fursa. Neno lenye mtego ni "if", na mtego wake unategemea limekaa wapi.

Felidar Sovereign inasema: mwanzoni mwa hatua ya matunzo ya zamu yako, ikiwa una uhai wa 40 au zaidi, unashinda mchezo. "If" imekaa mara tu baada ya kichocheo, na kanuni zinasema "if" ya mahali hapo hukaguliwa mara mbili: wakati wa kuchochewa na tena wakati wa kutekelezwa. Una uhai wa 41 hatua hiyo inapoanza. Uwezo unachochewa na kupanda kwenye mrundo, yaani mahali ambapo kadi na uwezo husubiri kutekelezwa. Mpinzani anajibu kwa Lightning Bolt, madhara 3, unabaki na 38. Uwezo unafika zamu yake ya kutekelezwa, unakagua tena, unakuta 38, unafutika. Na kinyume chake ni kikali zaidi: ukianza hatua ukiwa na 39, huwezi kujiongezea uhai haraka haraka na kudai ushindi, kwa kuwa uwezo haukuchochewa kabisa na hakuna kitu kwenye mrundo cha kusubiri. Ingekuwa "if" imekaa mwishoni mwa sentensi, ukaguzi ungefanyika mara moja tu, wakati wa kutekeleza, na yule mwenye 39 angekuwa na nafasi. Kwa Kiingereza cha kawaida sentensi hizo mbili ni sawa. Kwenye kadi ni michezo miwili tofauti.

Mfano mwingine wa Magic unastahili sifa, kwa sababu unaonyesha waandishi wakijirekebisha. Oblivion Ring, kadi ya mwaka 2007, ilikuwa na uwezo aina mbili unaochochewa: inapoingia uwanjani, inapeleka kitu kingine uhamishoni, inapoondoka uwanjani, kitu hicho kinarudishwa. Inasomeka vizuri. Lakini fikiria Oblivion Ring inaharibiwa wakati ule uwezo wa kwanza ukiwa bado kwenye mrundo. Uwezo wa pili unachochewa na kukaa juu ya wa kwanza, na cha juu hutekelezwa kwanza. Unatafuta kitu cha kurudisha, haukioni, unakwisha. Kisha wa kwanza unatekelezwa na kukipeleka kitu uhamishoni, na hakuna tena chochote kitakachokirudisha. Kadi iliyokusudiwa kuwa gereza la muda imekuwa la milele, na wachezaji wajanja walikuwa wakiitoa kafara Oblivion Ring yao wenyewe kwa makusudi hayo. Kwenye Banishing Light ya mwaka 2014 uwezo ni mmoja tu: kipeleke uhamishoni hadi kadi hii iondoke uwanjani. Ikiondoka kabla ya utekelezaji, hakuna kinachohamishwa kabisa. Maandishi yamepungua na mwanya umezibwa. Ni neno "until" lililofanya kazi yote, na ndilo hilo hilo lililomponza Hostage Taker alipokosa mwenzake. Muundo mzuri haumwondolei mwandishi wajibu wa kuuliza nini kitatokea uwanja ukiwa mtupu.

Pokémon wana sifa ya kuwa mchezo wa watoto wenye maandishi mepesi, na kwa kiasi kikubwa ni kweli. Ila nao wana jozi moja inayowaangusha watu wazima: kufanya madhara na kuweka alama za madhara. Alama moja ni sawa na madhara 10, na madhara yakishafanyika huwekwa kwa alama zile zile, kwa hiyo mtu huona ni lugha mbili za jambo moja. Sivyo. Shambulio linalofanya madhara 60 kwa Pokémon wa mbele mwenye udhaifu dhidi ya aina hiyo, udhaifu wa mara mbili, linafanya 120. Shambulio linaloweka alama 6 linaweka alama 6, basi, awe na udhaifu au asiwe nao, awe na ukinzani au asiwe nao. Kadi inayozuia madhara yote ya mashambulio haizuii alama hata moja. Inayozuia athari za mashambulio ndiyo inayozizuia, maana kuweka alama kunahesabiwa kuwa athari. Na madhara yanayofanywa kwa Pokémon walioko benchi kwa kawaida hayapigwi hesabu ya udhaifu wala ukinzani, jambo ambalo kadi nyingi hulikumbusha kwa mabano. Mabano hayo ni heshima kwa mchezaji. Tofauti ya madhara na alama ingestahili mabano kama hayo kila inapojitokeza.

Kuna usemi mmoja unaotumika katika michezo yote mitatu na watu wanauchanganya kila siku: mara moja kwa zamu. Kwenye Yu-Gi-Oh!, ukiona tu "once per turn" kisha nukta mbili, kikomo ni cha nakala hiyo moja ya kadi wakati ikiwa wazi uwanjani. Ikiondoka na kurudi, hesabu inaanza upya, na nakala ya pili ina hesabu yake. Ukiona sentensi inayotaja jina la kadi, kwamba uwezo huu wa kadi ya jina fulani unatumika mara moja tu kwa zamu, kikomo kinabana nakala zako zote, hata ikiondoka na kurudi. Pokémon wanafuata njia hiyo hiyo: wakisema mara moja katika zamu yako, kila nakala ina haki yake, wakisema huwezi kutumia zaidi ya mara 1 uwezo wenye jina fulani kwa zamu, kama Dedenne-GX na uwezo wake wa Dedechange, nakala ya pili haikusaidii. Kwenye Magic, kitu kinachobadilisha eneo huhesabiwa kuwa kitu kipya, kwa hiyo kikomo cha zamu kilichoandikwa juu yake nacho huzaliwa upya. Kanuni ya kusoma ni nyepesi: tafuta jina la kadi au la uwezo ndani ya sentensi ya kikomo. Lipo, kikomo ni cha jina. Halipo, ni cha nakala.

Sasa wale wanaotaka kadi ziandikwe kwa lugha ya kawaida. Jibu langu liko kwenye Lightning Bolt. Toleo la 1993 lilisema kadi hiyo inafanya madhara 3 kwa shabaha moja. Lugha ya kawaida kabisa, na haijibu swali la kwanza ambalo mtu yeyote angeuliza: shabaha ni nini? Baadaye ikaandikwa kuwa ni kiumbe au mchezaji. Ilipoongezwa aina mpya ya kadi, wapiga safari, yaani Planeswalker, ikabidi kuwe na kanuni ya pembeni ya kuhamishia madhara kwao, kanuni ambayo haikuwa imeandikwa kwenye kadi yoyote kati ya hizo. Mwaka 2018, katika seti ya Dominaria, ikawa shabaha yoyote, "any target". Ukitazama juu juu, miaka 25 imewarudisha walikoanzia. Lakini leo maneno hayo mawili yana orodha rasmi nyuma yake ya vitu vinavyoweza kulengwa, na orodha ni ile ile kwenye kila kadi inayoyatumia. Mabadiliko ya namna hiyo ndiyo yaliyofanywa pia mwaka 2009, pale kuondolewa kwenye mchezo kulipoitwa uhamisho, na mwaka 2011, pale sentensi ndefu ya kuwekwa makaburini kutoka uwanjani ilipogeuzwa kuwa neno moja, "dies". Neno la kiufundi lililofafanuliwa mara moja linashinda maelezo mazuri yanayobadilika kadi hadi kadi.

Hata "dies" lina kingo zake. Tokeni, yaani viumbe wanaowakilishwa na alama badala ya kadi ya deki, hufa, kwa sababu hupita makaburini kabla ya kutoweka. Lakini kukiwa na Rest in Peace uwanjani, ambayo hupeleka uhamishoni kila kilichokuwa kiende makaburini, hakuna anayekufa, na kila uwezo unaosubiri kifo unakaa kimya.

Mahali ambapo siwezi kuwatetea wachapishaji ni kwenye masahihisho yanayoigeuza kadi iliyochapishwa kuwa na maandishi ya uongo. Aprili 2020 Magic ilitoa kadi za Companion, zenye mabano yanayosema unaweza kumtumia mwenzi huyo mara moja kutoka nje ya mchezo. Ziliharibu mashindano, na Juni mwaka huo huo kanuni ikabadilishwa: sasa unalipa mana 3, yaani nguvu ya kulipia kadi, kumleta kwanza mkononi, tena kwa wakati ambao ungeweza kutumia kadi za polepole. Uamuzi wenyewe ulikuwa sahihi. Ila mabano yaliyo kwenye kadi zile za kwanza yanaeleza kanuni isiyokuwepo, na anayenunua kadi hizo zikiwa kuukuu hana njia ya kujua. Maandishi rasmi ya kila kadi ya Magic yako kwenye hifadhidata ya Gatherer, na hayo ndiyo yenye nguvu mashindanoni, si yaliyo kwenye kadi. Basi angalau kadi yenyewe ibebe alama ndogo ya kumrejesha msomaji kwenye maandishi hayo. Milimita 63 kwa 88 zina nafasi ya alama moja.

Kuna utata ambao hauepukiki, na ni haki kuukubali. Blood Moon inasema ardhi zisizo za msingi ni Milima. Urborg, Tomb of Yawgmoth, ambayo yenyewe ni ardhi isiyo ya msingi, inasema kila ardhi ni Kinamasi pamoja na aina zake nyingine. Zikiwa zote uwanjani, Urborg inakuwa Mlima na kupoteza uwezo wake, hata kama iliingia baadaye, kwa sababu kanuni za tabaka zinasema athari inayoweza kuifuta nyingine itumike kwanza. Hakuna sentensi ya kuchapishwa kwenye kadi yoyote kati ya hizo mbili ambayo ingeeleza hayo, na kitabu chenye kurasa zaidi ya 200 kipo kwa ajili ya visa kama hivi. Hicho ni kipimo changu: kadi mbili zinapokutana na kuzaa swali, kitabu kijibu. Kadi moja ikizaa swali ikiwa peke yake, iandikwe upya.

Kwa anayetunga kadi, hata za mchezo wake mwenyewe wa nyumbani, majaribio yenye faida ni haya. Mpe kadi mtu asiyeijua, usimuulize kama ameielewa, maana atasema ndiyo. Mwambie aieleze hatua kwa hatua, na kipi anakilipa kabla mpinzani hajapata nafasi ya kujibu. Kisha mpe hali nne mbaya: hakuna shabaha nyingine ila kadi yenyewe, shabaha imetoweka katikati, kuna nakala mbili, kadi imeondoka kabla ya uwezo wake kutekelezwa. Hostage Taker angeanguka kwenye la kwanza, Oblivion Ring kwenye la nne. Neno la hiari lisiachwe bila sababu, na neno la lazima lisiachwe bila kufikiria mzunguko.

Kwa anayecheza, kadi mpya isomwe kwa penseli akilini. Weka mpaka kwenye alama kwanza, kabla ya kusoma maana: nukta mbili iko wapi, nukta mkato iko wapi. Tafuta kama kuna "target", kwa sababu kisicholenga hakizuiwi na kinga ya kutolengwa. Kadi ya kuangamiza viumbe wote huwapata hata wenye kinga hiyo. Angalia hiari, kisha mahali ilipo "if", kisha jina la kadi au la uwezo kwenye sentensi ya kikomo. Na mkibishana, msimuulize mwamuzi kama kadi fulani inafanya kazi, kwa sababu swali hilo lina majibu mengi. Mwambieni mpangilio: hiki kiliamshwa, hiki kilijibiwa, hiki kilitekelezwa kwanza, na jambo la mwisho kutokea lilikuwa hili. Mara nyingi mtakapofika kwenye jambo la mwisho, mmoja wenu atakuwa ameshaliona jibu.